WAZALISHAJI WALIOMWOGOPA MUNGU

Mafundisho ya mashemasi kwa waamini wa Butembo na Beni
Masomo: Kutoka 1:15-21; Isaya 38:1-6 na 21; Mathayo 8:1-13

 

Kila Jumapili, nyuma ya ibada, sisi mashemasi tunasoma matangazo. Tunasema nani amezaa, nani amefiwa, nani ametoka safarini. Katika matangazo hayo munasikia pia habari za kituo cha afya cha kijiji: siku ya kupima wamama wenye mimba, siku ya chanjo ya watoto, mzalishaji mpya amefika, dawa za malaria zimepungua, paa la materniti linavuja. Wako watu wanaouliza: habari za sindano na za mabati zinatafuta nini ndani ya kanisa la Mungu? Sisi ni kanisa la unabii. Kwetu mgonjwa anaombewa na anapona.

Swali hilo si baya. Mtu anayeuliza anataka kujua. Kwa hiyo tuliona vema kulijibu kwa Neno la Mungu, na kwa mambo ambayo sisi wote tumeyaona kwa macho yetu hapa Butembo na Beni.

I. WANAWAKE WAWILI MBELE YA MFALME

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari ya wanawake wawili, Shifra na Pua. Kazi yao ilikuwa kuzalisha wanawake wa Waebrania katika inchi ya Misri. Farao aliwaita, akawaamuru wamuue kila mtoto mwanaume wakati wa kuzaliwa, na wamwache mtoto mwanamke. Farao alikuwa na waaskari, alikuwa na gereza, alikuwa na magari ya vita. Wanawake wale walikuwa na mikono yao tu. Lakini walimwogopa Mungu kuliko walivyomwogopa mfalme, nao wakawaacha watoto wote waishi. Walipoulizwa sababu, walijibu kwa akili kwamba wanawake wa Waebrania wana nguvu, wanazaa mbele mzalishaji hajafika.

Wapendwa, tuangalie mambo matatu katika habari hiyo.

Jambo la kwanza: jina la yule Farao halikuandikwa hapo, lakini majina ya wazalishaji yaliandikwa. Mtu mkubwa wa Misri amebaki na cheo tu, bila jina. Wanawake wawili wa kazi ya chini, kazi ya damu na ya usiku, wanaitwa kwa majina mpaka leo katika lugha nyingi za dunia.

Jambo la pili: Shifra na Pua hawakuwa manabii. Hatusomi kwamba waliona maono wala kwamba walitabiri. Walifanya kazi yao ya kila siku bila kumsaliti Mungu. Na mbele Musa hajagawanya bahari, walikuwako wanawake waliokubali kuhatarisha maisha yao ili watoto wa kabila lake wasife. Kila nabii tunayemheshimu alipokelewa kwanza na mikono ya mwanamke aliyemzalisha.

Jambo la tatu: Mungu aliwatendea mema wazalishaji wale, akawapa nyumba zao wenyewe. Tushike neno hilo la nyumba. Tutalirudilia.

II. NABII ALIYETOA DAWA

Sasa tumwendee yule anayesema kwamba maombi na dawa ni vitu viwili vinavyopigana. Tunamwomba afungue Isaya sura ya 38. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Nabii Isaya alifika kwake na neno gumu, kwamba apange mambo ya nyumba yake. Hezekia aligeuza uso kwenye ukuta, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Hapo waombaji wote wanasema Amina! Lakini tusifunge kitabu haraka. Katika mstari wa 21 ni nabii mwenyewe anayeamuru walete tini, wazifanye kama mkate, wazibandike juu ya jipu la mfalme. Nabii aliyebeba neno la Mungu ndiye aliyetoa dawa, na dawa ilikuwa ya kubandika. Ahadi ya miaka 15 ilitoka mbinguni, tini zilitoka shambani, na vyote viwili vilitoka kwa Mungu mmoja.

Tuangalie milima yetu. Tangu zamani wakulima wa Butembo na Lubero wanapanda mti wa kinkina. Ganda lake ni chungu sana, na ndani yake kuna kinini, ile dawa iliyookoa watu wengi na malaria. Mti huo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini udongo wetu uliupokea. Hakuna mkristo anayesema kwamba mkulima wa kinkina amekosa imani. Je, Mungu aliyeweka dawa ndani ya ganda la mti, atakasirika mtoto akipewa dawa ile kwa sindano?

Tena, katika siku zetu wenyewe tumeona ajabu nyingine. Mwaka 1995 ugonjwa wa Ebola ulipiga mji wa Kikwit. Mtu mmoja wa kule aliugua, akapona. Kutoka damu ya yule Mkongomani aliyepona, watu wa elimu, pamoja na profesa wetu Jean-Jacques Muyembe, walipata mwanzo wa dawa inayoitwa leo Ebanga. Dawa hiyo ilijaribiwa hapa kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kutoka mwaka 2018 mpaka 2019, na watu wetu wakapona kwayo. Mungu aliponya mtu mmoja Kikwit, na kwa uponyaji ule akatayarisha uponyaji wa watu wa Kivu ya Kaskazini nyuma ya miaka zaidi ya 20. Tusiite hiyo kazi ya wazungu tu. Ilitoka katika damu ya ndugu yetu.

III. YALE TULIYOYAONA

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1/8/2018, kuanzia upande wa Mangina, katika teritwari ya Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25/6/2020. Katika miezi hiyo karibu 23, watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 walikufa. Nyuma ya kila hesabu kuna matanga, na kuna mji uliobaki bila mama. Wanganga, wauguzi na wafanyakazi wengine wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Wengi walikuwa watu wa vituo vidogo, vyenye glavu chache na maji ya kuchota mbali. Mgonjwa aliingia na homa. Wakamtibu malaria kama siku zote, kumbe haikuwa malaria.

Tunajua maneno yaliyosemwa katika masoko yetu zile siku. Watu walisema Ebola ni biashara. Hatusemi kwamba hasira yao haikuwa na sababu. Tangu mwezi wa 10, mwaka 2014, watu wa Beni walikuwa wanachinjwa kwa mapanga, na hawakuona magari mengi yakija kuwasaidia. Ugonjwa ulipoingia, magari yakajaa njiani. Tarehe 26/12/2018 ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatachagua pamoja na inchi nzima, sababu ya Ebola na ya usalama, hali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Na mwaka 2021 tume huru, iliyowekwa na Shirika la Afya la Dunia lenyewe, ilionyesha kwamba wamoja kati ya waliotumwa kutusaidia waliwatendea wanawake wetu mambo machafu. Mambo hayo yalitokea, na kanisa halipashwe kuyaficha.

Lakini hasira ile ilimwangukia nani? Tarehe 24/2/2019 kituo cha matibabu ya Ebola cha Katwa kilichomwa. Siku tatu baadaye, kile cha Butembo kilishambuliwa. Tarehe 19/4/2019, siku ya Ijumaa Kuu, wakati makanisa yalikuwa yanakumbuka msalaba, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, wakamuua munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliyekuja kutumika kati yetu. Siku chache nyuma yake, wanganga na wauguzi wa Butembo walipita katika njia za mji wakiomba ulinzi. Sisi tunavaa kanzu nyeupe siku ya ibada. Wao walitembea na makoti yao meupe, wakiomba tu waachwe hai ili watutibu.

Waliofanya siasa hawakuguswa. Waliopata faida walipanda ndege wakaenda. Aliyepigwa jiwe ni muuguzi wa kijiji, ambaye alikuwa anatutibu mbele ya Ebola na ambaye anatutibu mpaka leo.

Angalieni tena tunda la uaminifu wao. Mwezi wa 2, mwaka 2021, Ebola ilirudi katika zoni ya afya ya Biena, upande wa Butembo. Safari hiyo wanganga wetu wenyewe walikuwa mbele. Wagonjwa walikuwa 12, sita wakafa, na tarehe 3/5/2021 ugonjwa ukatangazwa kwisha. Mwezi wa 10 wa mwaka huo ulitokea Beni, ukaisha tarehe 16/12/2021, wagonjwa wakiwa 11. Mwezi wa 8, mwaka 2022, ulionekana tena Beni kwa mgonjwa mmoja, na ukazimwa mbele haujaenea. Linganisheni 3,470 na 12, na 11, na mmoja. Hayo ndiyo matunda ya muuguzi anayejua alama za ugonjwa, na ya kijiji kinachokubali kumwambia kweli.

Na hatari haijaondoka kwao. Katikati ya mwezi wa 11, mwaka 2025, usiku, wauaji waliingia Byambwe, katika teritwari ya Lubero, mpaka ndani ya kituo cha afya cha ndugu zetu Wakatoliki. Watu wasiopungua 17 waliuawa pale, na kati yao wamama waliokuwa materniti. Wapendwa, tunaposoma juu ya Farao na watoto wa Waebrania, tusifikiri kwamba ni hadisi ya zamani.

IV. HABARI ZA WATUMISHI WA KITUO

Sasa tuseme habari za wale wanaotumika katika kituo cha kijiji. Hatutaji majina yao. Katika siku hizi kuandika jina la mtu kunaweza kumletea hatari, na Mungu aliyeyajua majina ya Shifra na Pua anayajua ya kwao.

Kuna mkubwa wa kituo, muuguzi. Yeye ndiye anayekwenda kuchukua chanjo kwenye ofisi ya zoni ya afya na kuirudisha juu ya pikipiki, ndani ya sanduku la barafu. Chanjo nyingi za watoto zinapashwa kukaa kati ya digri 2 na 8. Njia ikifungwa kwa vita, au pikipiki ikikwama kwenye matope, barafu inayeyuka na chanjo inaharibika. Kumbukeni kwamba mwaka 2019, wakati macho yote yalikuwa juu ya Ebola, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Surua ina chanjo tangu zamani. Sanduku lile la barafu linabeba maisha.

Kuna mama mzalishaji. Mama mwenye uchungu hachagui saa. Anagonga mlango saa nane za usiku, wakati ambapo kila mtu amefunga na hata mbwa akibweka watu wanazima taa. Mzalishaji anafungua. Hajui kama aliyegonga ni mama mwenye uchungu au ni mwenye panga, lakini anafungua. Kila Paluku na kila Masika aliyezaliwa pale alipokelewa na mikono ile.

Kuna mfanyakazi wa usafi. Anafua mashuka yenye damu, anaosha sakafu kwa maji ya klori, anachoma sindano zilizotumiwa. Watu hawamsalimu sana. Lakini wakati wa Ebola tulijifunza kwamba mtu wa usafi akilegea, munganga mwenyewe anakufa.

Kuna wajumbe wa afya wa kijiji, ambao wengi wanawaita reko. Hawana mshahara. Wanapita mji kwa mji, wanauliza mtoto gani hajapata chanjo, mama gani ana mimba, nani ana homa. Wakati wa Ebola walifukuzwa na mbwa na kutukanwa, na kesho yake wakarudi.

Na kuna mlinzi wa usiku, mzee mwenye tochi na fimbo.

Wengi wa watumishi hao hawamo katika orodha ya wale wanaolipwa na Serikali, au wanapata kidogo isiyotosha hata kulipa masomo ya mtoto mmoja. Wanaishi kwa feza zinazolipwa na wagonjwa. Na wagonjwa nao ni wakimbizi waliokimbia mashamba yao ya kakao, ao wakulima ambao muhogo wao umevunwa na mwingine. Hapo shida kubwa inazaliwa. Mama amezaa salama, lakini hana franga za kulipa, basi anabaki pale na mtoto wiki mbili, wiki tatu, kama mfungwa. Nje watu wanasema muuguzi hana moyo. Ndani muuguzi anafikiri juu ya watoto wake ambao hawajala. Ni maskini wawili wanaoangaliana juu ya deni moja, na kila mmoja ana haki.

Ndugu, kanisa linasimama wapi kati ya wale wawili?

V. NANI ATAWAJENGEA NYUMBA?

Mungu aliwapa Shifra na Pua nyumba. Kwa mkono wa nani atawapa nyumba wazalishaji wetu wa leo? Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane walipokuwa wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula, mitume hawakusema waombe tu. Waliweka watu saba kwa kazi hiyo. Ndiyo mwanzo wa kazi ya ushemasi. Kwa hiyo ni haki yetu kuwaomba mambo haya, na kila moja tunaliomba kwa upendo.

1. Mgonjwa apelekwe mapema. Katika majaribio yale ya dawa za Ebola, kati ya wagonjwa 100 waliopewa dawa mbili zilizoonekana bora, karibu 65 waliishi. Lakini wale waliofika wakati vijidudu vilikuwa bado vichache mwilini, karibu 90 kati ya 100 waliishi. Wale waliofika vijidudu vimekwisha kujaa, zaidi ya nusu walikufa. Dawa ilikuwa ileile, na tofauti kubwa ilikuwa katika hali ya mtu wakati alipofikishwa. Hata kwa malaria ya mtoto ni hivyohivyo. Baba anayesema tungoje mpaka kesho, ajue kesho inaweza kuwa nzito kuliko leo.

2. Chumba cha maombi kisigeuke hospitali. Mtu akifika kwenye maombi na homa kali, kutapika, kuhara ao kutoka damu, apewe fasi ya kukaa peke yake, muuguzi aitwe, na waombaji waombe kwa sauti bila kumgusa. Mtu atauliza: Je, Bwana Yesu hakumgusa mwenye ukoma? Ndiyo, alimgusa, Mathayo 8. Lakini nyuma ya kumponya alimtuma kwa kuhani ili aangaliwe, sababu sheria ya Musa ilimpa kuhani kazi ya kuwapima watu wa namna ile. Na katika sura hiyohiyo yule akida wa Kapernaumu alikubali kwamba neno tu linatosha, na mtumishi wake akapona akiwa mbali nyumbani. Yesu alishangaa kwa imani yake. Basi maombi ya kusimama hatua mbili si maombi ya imani ndogo. Bwana mwenyewe aliisifu imani ya namna hiyo.

3. Asiwepo nabii, mwombaji ao mzee wa kanisa anayemwambia mgonjwa aache dawa. Akitokea, aitwe mbele ya wazee wa kanisa ajibu. Roho aliyemwongoza Isaya kuamuru tini hawezi leo kumwongoza mtu kuwatupa watoto vidonge vyao.

4. Tunaomba matoleo ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi yawekwe mbali kwa madeni ya materniti. Mashemasi wawili wataenda pamoja kwa mkubwa wa kituo, watalipa, watachukua karatasi ya malipo, na hesabu itasomwa mbele ya kanisa. Hapo mama atarudi kwake na mtoto, na muuguzi naye atakula. Anayekosa franga alete maharagwe, viazi ao mafuta ya mawese. Hata kuku atapokelewa.

5. Jumamosi moja ya mwezi tufanye salongo kwenye kituo. Vijana wachote maji na kukata majani, wenye ufundi wapande juu ya paa la materniti, wamama walete kuni na sabuni. Mahali wanapozaliwa watoto wetu pasinyeshewe hali mafundi wa mabati wamejaa katika kwaya.

6. Tuchunge ulimi. Mtu akisikia neno baya juu ya chanjo ao juu ya mfanyakazi, aende akamwulize muuguzi, uso kwa uso. Kama kuna wizi wa dawa ao deni lisilo la haki, liletwe mbele ya komite ya afya ya kijiji, na sisi mashemasi tutakwenda pamoja na mwenye kulalamika. Mdomo unaweza kuita moto kwenye kituo, na mdomo huohuo hauwezi kukijenga tena kwa siku moja.

7. Tuwaheshimu waliopona Ebola. Watu zaidi ya 1,100 walitoka wazima. Wamoja kati yao, hapa Beni na Butembo, walirudi kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo cha matibabu. Waliweza kuwabeba na kuwanywesha maziwa sababu miili yao ilikuwa imekwisha kushinda ugonjwa. Lakini tunasikia kwamba bado kuna watu wasiotaka kununua bidhaa mikononi mwao sokoni. Katika kanisa letu mambo ya namna hiyo yasisikike. Aliyepona akae katikati yetu, aimbe, na kama ana wito, ahubiri.

Na juu ya wafu, tunajua namna watu wetu wanavyompenda marehemu, kumwosha na kumgusa kwa mara ya mwisho. Hiyo ni heshima ya wazazi wetu. Lakini wakati wa ugonjwa kama Ebola, maiti ni hatari sana. Hata katika Hesabu sura ya 19, aliyegusa maiti alitengwa siku saba na kujiosha. Basi siku muuguzi akisema tusiguse, tuimbe tukiwa mbali, tuchague nguo nzuri, tumlilie, tumzike kwa heshima. Marehemu hatasema hatukumpenda. Atafurahi kuona kwamba watoto wake wameishi.

VI. MWISHO

Wapendwa, sasa jibu la lile swali liko wazi. Matangazo ya kituo cha afya yanasomwa kanisani sababu ni habari za watumishi wa Mungu. Yeye ndiye anayeponya kwa neno la nabii, kwa ganda la kinkina na kwa mkono wa mzalishaji. Hatumuulizi ni kwa njia gani. Tunamshukuru, na tunamsaidia anayetumika.

Serikali ina kazi yake, na tutaendelea kuidai ilipe mishahara na ilinde vituo. Mashirika yanakuja na kuondoka. Lakini sisi tuko hapa. Watoto wanaozaliwa usiku huu ni wetu, na mlango unaogongwa usiku huu uko katika kijiji chetu. Yule mama anayefungua asifungue akiwa peke yake. Ajue kwamba katika nyumba za jirani kuna watu waliopiga magoti kwa ajili yake, na kwamba wakisikia kilio watatoka.

Tuombe:

Ee Mungu wa baba zetu, wewe uliyewapa nyumba Shifra na Pua, uwakumbuke wazalishaji wa Butembo, wa Beni, wa Lubero, wa Oicha, na wa kila kijiji ambacho njia yake ni ya hofu. Uilinde mikono yao na damu yenye ugonjwa, uulinde mlango wao na mtu wa panga. Uwapokee wote waliokufa wakitutumikia, wa kwetu na wale waliotoka mbali. Uwafariji watoto wao. Uwape manabii wetu hekima ya Isaya, na waamini wetu imani ya yule akida. Zima vita katika milima yetu. Na utupe sisi mikono ya kuezeka paa, miguu ya kwenda mapema, na midomo isiyoita moto. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi mashemasi, watumishi wenu katika kazi ya Bwana.